Pesa, makuta, ssente: sehemu za mia zilienda wapi?

Leo historia yetu ni ya kitu kidogo sana. Ni ile nukta ya katikati ya namba, na vile vipande vinavyokaa upande wake wa kulia. Wengi wetu tunaichukia. Tuliingia shule za Kampala tukitoka Bukavu, Uvira, Bujumbura, Juba, na siku mwalimu alipoandika desimali ubaoni tukaona kama amebadilisha lugha mara ya pili. Kwanza Kiingereza, sasa hii tena.

Katika kikundi chetu tumejiuliza kwa nini desimali zinatushinda hivyo, wakati wazee wetu, wengine hawakumaliza hata darasa la nne, wanapiga hesabu za vipande kichwani bila shida. Jibu tulilopata liko kwenye historia ya hela. Bibi zetu walishika sehemu ya mia mkononi. Walinunua nayo chumvi. Sisi hatujawahi kuishika.

Angalia kwanza maneno. Mtu wa pwani anasema pesa. Mkongomani anasema makuta: "sina makuta leo." Muganda anasema ssente. Yote matatu yana maana moja, fedha, na yote matatu yalikuwa majina ya vipande vya fedha. Pesa ilikuwa sehemu ya 64 ya rupia. Likuta, ambayo wingi wake ni makuta, ilikuwa sehemu ya mia ya zaire. Ssente ni senti, sehemu ya mia ya rupia, baadaye ya shilingi. Kwa hiyo mtu akikuomba pesa, makuta au ssente, ukifuata historia anakuomba desimali. Hebu tuzifuate moja moja, na tuanzie hapa hapa mlimani.

Old Kampala tunaijua sisi kwa sababu ya kituo cha polisi ambako waomba hifadhi huandikishwa, na wengine wetu wamelala nje pale. Lakini mlima huu una kisa kirefu zaidi. Desemba 1890 Frederick Lugard alipanda hapa akajenga ngome yake, kabla ya msikiti mkubwa unaouona leo, kabla ya shule na maduka. Hakuja kama mtu wa serikali. Alikuja kwa niaba ya kampuni ya biashara, Imperial British East Africa Company, iliyokuwa na makao Mombasa. Kampuni hiyo miaka miwili kabla, 1888, ilikuwa imetoa sarafu zake yenyewe, rupia ya fedha na pesa ya shaba. Kampuni yenye sarafu zake na jeshi lake! Hiyo peke yake ingetosha makala nyingine.

Waganda walikuwa na hesabu yao kabla ya hapo. Walitumia simbi, zile kete za baharini, zikitungwa kwenye kamba mia mia. Na maneno yao ya namba yanapanda kwa kumi kumi: kikumi ni mia, lukumi ni elfu, mutwalo ni elfu kumi. Mpaka leo mama wa sokoni hakwambii "elfu thelathini", anakwambia "emitwalo esatu", mizigo mitatu. Mgeni anayesikia "tatu" anatoa elfu tatu, na hapo kelele inaanza. Sisi Waswahili tuna neno laki, la kutoka kwa Wahindi, ambalo ni elfu mia moja. Wahindi wenyewe huweka koma yao mahali pa laki: 1,00,000. Ukiona daftari la zamani la dukani limeandikwa hivyo, usidhani mwenye duka alikosea. Sifuri ni zile zile tano, ila kila watu huzikata pale neno lao linapoanzia.

Hili ndilo jambo la kwanza kuhusu nafasi ya tarakimu. Tarakimu haina thamani peke yake. Tatu ni tatu tu mpaka ujue imekaa wapi. Ikisogea nafasi moja kushoto inakuwa mara kumi, ikisogea kulia inakuwa sehemu ya kumi. Kwenda kushoto Muganda, Mhindi na Mswahili wote walikuwa na majina mazuri. Kwenda kulia ndiko kulikuwa na fujo.

Rupia iliyoingia Uganda iligawanywa kwa nusu nusu: nusu rupia, robo, mpaka ana 16, mpaka pesa 64. Kwa mtu wa kugawa vitu kwa mkono hiyo ni hesabu rahisi, unakata katikati mara sita tu. Lakini jaribu kuiandika kwa desimali. Pesa moja ni 1 gawanya kwa 64, yaani rupia 0.015625. Nafasi sita baada ya nukta kwa sarafu ya kununulia chumvi! Ndiyo maana hakuna aliyeiandika hivyo. Karani aliandika rupia, ana na pesa katika safu tatu tofauti, na kila safu ilikuwa na sheria yake ya kubeba.

Mwaka 1905 serikali ya Kiingereza iliamua kwamba katika Kenya na Uganda rupia itagawanywa kwa senti 100. Kuanzia 1906 sarafu mpya zikaanza kutoka, na zile ndogo zikawa na tundu katikati, mtu aweze kuzitunga kwenye kamba kama alivyotunga simbi. Sasa safu tatu zikawa moja. Rupia 3 na senti 25 ni 3.25 na basi. Sehemu ya kumi ya rupia ilikuwa sarafu ya senti 10. Sehemu ya mia ilikuwa sarafu ya senti 1. Mwaka 1908 ikatoka hata ya nusu senti, ya aluminiamu, nyepesi kama kifuniko cha soda. Nusu senti ni rupia 0.005, yaani tarakimu iliyokaa nafasi ya tatu baada ya nukta. Mtoto wa Mengo wa wakati ule aliweza kuweka sehemu za elfu mfukoni. Hakuhitaji mwalimu amchoree mraba wenye vijumba mia.

Lakini kubadili vipande si kama kubadili nguo. Kitu kilichouzwa pesa moja, sasa kiuzwe senti ngapi? Rupia ni senti 100, rupia ni pesa 64, kwa hiyo pesa moja ni senti 1.5625. Hakuna sarafu ya hivyo. Hapo ndipo kukadiria, ama kuraundi kama tunavyosema darasani, kunatoka kwenye daftari kunaingia mfukoni. Ukikadiria kwa nusu senti iliyo karibu unapata 1.5, na mnunuzi anafaidi kidogo. Ukikadiria kwa senti nzima unapata 2, na mwenye duka anafaidi. Kwa mara moja tofauti haionekani. Fanya mara 64: kwa kipimo cha kwanza mnunuzi amelipa senti 96 badala ya 100, kwa cha pili amelipa 128. Wakati huo maduka makubwa ya Kampala yalikuwa ya wafanyabiashara Wahindi kama Allidina Visram, na watu wa kijijini walishatakiwa kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka tangu Mkataba wa Buganda wa 1900. Mtu anayetafuta rupia 3 kwa vipande vya senti anahesabu kila kipande.

Mwaka 1920 rupia ikaondoka ikaja florini, na muda si mrefu florini ikapisha shilingi ya Afrika Mashariki. Rupia moja ikawa shilingi mbili, na shilingi ikagawanywa tena kwa senti 100. Soma vizuri hapo. Neno ni senti, ile ile, lakini sehemu ya mia ya rupia ni senti mbili za shilingi. Neno moja, thamani mbili, kwa sababu mzima wake umebadilika. Watu wengi darasani wanakosea hapa hapa mpaka leo: wanajua 0.01 ni "sehemu ya mia", wanasahau kuuliza sehemu ya mia ya nini.

(Kwa wenzetu wa Tanzania: sumni yenu ni senti 50, nusu ya shilingi, lakini neno lenyewe ni la Kiarabu, maana yake sehemu ya nane. Hilo nalo ni kipande kilichobadilishiwa mzima.)

Sasa tuvuke mpaka. Nusu ya kikundi chetu ni ya Kongo, na historia ya zaire ni shule ya desimali kuliko kitabu chochote tulichowahi kupewa.

Juni 1967, serikali ya Mobutu ilileta zaire mahali pa faranga. Zaire moja ilichukua nafasi ya faranga 1,000. Ilikuwa na makuta 100, na kila likuta lilikuwa na sengi 100. Jina la makuta halikubuniwa na Mobutu, Wareno walishatoa sarafu za jina hilo Angola karne ya 18. Basi zaire moja ilikuwa sengi 10,000, na sengi moja iliandikwa 0.0001. Nafasi nne! Mwaka ule ule ikatoka sarafu ya sengi 10, ambayo ni zaire 0.001.

Hebu tutumie hela hiyo kwa swali linalowaangusha wengi: kubwa ni ipi, 0.6 au 0.45? Ndugu zetu wadogo wanajibu 0.45, kwa sababu 45 ni kubwa kuliko 6. Mwambie mtu aliyeishi Kongo ya 1970. Zaire 0.6 ni makuta 60. Zaire 0.45 ni makuta 45. Atakushangaa kwa nini unauliza. Na akiona 0.4500 hatatishika na urefu wake, atasema ni makuta 45 na sengi hakuna. Urefu wa mkia hauongezi thamani. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta ndiyo inaangaliwa kwanza, zikilingana ndipo unaenda ya pili.

Halafu bei zikapanda. Zikapanda tena. Sengi zikafa, makuta yakafa, na upande wa kushoto wa nukta ukajaa sifuri. Mwanzoni mwa 1993 kulitoka noti ya zaire milioni 5. Tshisekedi akasema si hela halali, wafanyabiashara wakaikataa, na wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakaasi Kinshasa. Watu wengi walikufa, na balozi wa Ufaransa naye aliuawa siku hizo za mwisho wa Januari. Baadhi ya wazazi wetu wanayakumbuka mambo hayo. Wanasema noti ilikuwa nzuri, mpya, na haikununua kitu.

Oktoba mwaka ule ule ikaja zaire mpya. Hapa tunaomba mtulie, kwa sababu ndipo hesabu inapopendeza na kuuma. Serikali ingeweza kusema zaire mpya moja ni milioni moja za zamani, na kila mtu angesogeza nukta nafasi sita. Ingeweza kusema milioni kumi, nafasi saba. Ikasema milioni 3.

Kugawa kwa 10, 100, 1,000 ni kusogeza nukta tu, tarakimu hazibadiliki. Kugawa kwa 3 ni habari nyingine. Mtu mwenye zaire za zamani 1,000,000 ana zaire mpya 0.333333, na hiyo tatu haiishi mpaka Kiyama. Hela mpya ilikuwa na makuta mapya 100, kwa hiyo nafasi mbili tu ndizo zina noti yake. Lazima ukadirie: nafasi ya tatu ni 3, ni ndogo kuliko 5, basi unaiacha, unabaki na 0.33. Makuta 33. Ile noti ya milioni 5 nayo ikawa 1.666666, na hapa nafasi ya tatu ni 6, unapanda: 1.67.

Chukua sasa watu watatu wa nyumba moja, kila mmoja na milioni yake. Wakienda mmoja mmoja, kila mtu anapata 0.33, na jumla yao ni 0.99. Wakiweka hela pamoja kwanza, wana 3,000,000, na wanapata 1.00 kamili. Hela ni ile ile, watu ni wale wale, likuta moja limepotea kwa sababu ya mahali walipokadiria. Hii ndiyo kanuni ya kukadiria ambayo vitabu vinaiandika kwa mstari mmoja: jumlisha na zidisha kwanza, kadiria mwisho. Tunaitaja kwa nguvu kwa sababu tutairudia tukizungumza na wenzetu wa mashirika.

Watu wa Kasai waliikataa zaire mpya wakaendelea na ya zamani. Wengine wanaieleza kama siasa tu, na siasa ilikuwepo kweli. Sisi tunaona pia kwamba mama muuza unga hakuwa na sababu ya kukubali hela inayomtaka agawe kwa tatu kila anapotoa chenji.

Miaka mitatu baadaye zaire mpya nayo ilikuwa na noti ya 1,000,000. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo, kwa zaire mpya 100,000. Piga hesabu: faranga moja ni zaire za zamani 300,000,000,000. Na kwa kuwa zaire ya 1967 ilikuwa faranga 1,000 za kabla yake, faranga ya 1998 ilikuwa faranga za zamani 300,000,000,000,000. Sifuri kumi na nne, katika maisha ya mtu mmoja. Faranga mpya nayo ilipewa santimu 100, zikachapwa hata noti za santimu 1. Leo mtoto wa Goma hazijui.

Uganda ilipita njia hiyo hiyo kwa hatua fupi. Benki Kuu ilifunguliwa 1966 na shilingi ya Uganda ikatoka pamoja na sarafu za senti 5, 10, 20 na 50. Vita na bei vikazila. Mei 1987 serikali ikafuta sifuri mbili: shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya. Hapa nukta ilisogezwa vizuri, nafasi mbili, bila salio. Lakini juu yake kulikatwa asilimia 30 wakati wa kubadilisha. Mwenye 100,000 alisogezewa nukta akawa na 1,000, kisha akakatwa akabaki na 700. Wazee wa Kampala wakisimulia husema "walitutoa sifuri wakatufukarisha." Sifuri hazikumfukarisha mtu, kwa sababu bei nazo zilipoteza sifuri mbili zile zile. Ile 30 ndiyo iliwakata. Ni vizuri kutenganisha, maana siku nyingine mtu atafuta sifuri na wewe utalia bure, au atakata asilimia na wewe utafikiri ni sifuri tu.

Leo sarafu ndogo kabisa unayoweza kupewa dukani ni ya shilingi 50, na wengine hata hiyo hawaitaki. Senti zimebaki kwenye neno ssente na kwenye zile sifuri mbili za karatasi za benki, ".00". Ndiyo maana tunasema sisi ni kizazi kisicho na sehemu za mia mkononi. Mtoto wa Marekani anazo, anapewa chenji ya senti 37. Kwetu desimali imekuwa kitu cha daftari.

Na kwa sisi wa Kongo na Burundi kuna mzigo wa pili, ile alama yenyewe. Shuleni kwetu, kwa Kifaransa, nusu huandikwa 0,5 na inasomwa kwa "virgule", na elfu moja mia tano unaweza kuiona imeandikwa 1.500. Hapa Kampala nusu ni 0.5, na elfu moja mia tano ni 1,500. Alama zimebadilishana viti! Karatasi yenye 1.500 inasomeka elfu moja na nusu Bukavu, na hapa inasomeka moja na nusu. Tofauti ni mara elfu, na hakuna aliyekosea.

Imetokeaje? Desimali zenyewe ni za zamani. Al-Uqlidisi aliziandika Damascus katika karne ya 10, na al-Kashi wa Samarkand alizifafanua vizuri katika kitabu chake cha 1427. Ulaya zilienea baada ya 1585, pale Simon Stevin alipotoa kijitabu kwa ajili ya wapima ardhi, wafanyabiashara na watu wa kazi za kila siku. Stevin alizaliwa Bruges, mji ambao leo uko Ubelgiji. Yaani ile nchi iliyotuletea koma ndiyo nchi ya mtu aliyezipigia debe desimali, ila yeye mwenyewe hakutumia koma wala nukta. Aliandika namba ndogo ndani ya duara kuonyesha nafasi. Waingereza walishika nukta, watu wa bara la Ulaya wakashika koma, na kila mkoloni akaja na yake. Mpaka wa Bunagana ni mpaka wa nukta na koma pia.

Wakubwa wa vipimo duniani wameshindwa kuchagua. Mkutano mkuu wa uzani na vipimo wa 2003 ulikubali zote mbili, nukta au koma, na ukasisitiza kwamba maelfu yatengwe kwa nafasi wazi tu: 1 500. Katika kikundi chetu, tukiandika karatasi ambayo itasomwa na Mkongomani na Mganda, tunafanya hivyo. Katika mtihani wa hapa andika kama wanavyoandika hapa, mtahini hatauliza ulitoka wapi.

Sasa mtu atasema, kama sehemu za mia zimekufa, zinatuhusu nini? Ziko sehemu tatu ambako hazijafa.

Ya kwanza ni kwenye kubadilisha hela. Tuseme mjomba ametuma faranga 200,000 na bei ya siku ni shilingi 1.347 kwa faranga. Jibu sahihi ni 269,400. Mtu akikwambia "ni moja nukta tatu" anakupa 260,000, na 9,400 imebaki kwake. Ukimaliza hesabu yote kisha ukakadiria kwa elfu iliyo karibu, unapata 269,000, umepoteza 400 tu. Nafasi ya tatu baada ya nukta inaonekana kama uchafu, mpaka izidishwe kwa laki mbili.

Vitenge navyo viko hivyo. Kipande cha yadi 6 ni mita 5.4864, kwa kuwa yadi ni mita 0.9144. Ukimuuzia mteja kama mita 5 na nusu, tofauti ni kama sentimita moja na kitu, hakuna ugomvi. Ukimhesabia kama mita 5, umetoa karibu nusu mita bure. Dada zetu wanaotembeza vitenge wanajua hili bila kuandika.

Ya pili ni kwenye mgao, na hapa tunazungumza na wenzetu wa mashirika. Tuseme hesabu inatoa 12,450 kwa kila mtu, na familia ina watu 7. Ukizidisha kwanza ni 87,150. Ukikadiria kila mtu kuwa 12,000 ndipo uzidishe, ni 84,000. Familia yenye watu wengi ndiyo inapoteza zaidi, 3,150 kwa mfano huu, na hakuna mwizi hata mmoja. Ni zile milioni tatu za watu watatu wa 1993, zimerudi kwa njia ya karatasi.

Ya tatu ndiyo inatutia hofu. Mtoto wa miezi 6 mpaka 59 akipimwa mkono kwa ule utepe wa rangi, chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali, na kuanzia hapo mpaka chini ya 12.5 ni wa wastani. Mipaka yote miwili imekaa kwenye nafasi ya kwanza baada ya nukta. Mtoto wa 11.4 ukimkadiria kwa nusu iliyo karibu anakuwa 11.5, ametoka kundi moja kaingia lingine, na chakula cha tiba kinaweza kumpita. Baadhi yetu tumejitolea kama wakalimani na tumeona namba ikisomwa kwa sauti, "kumi na moja na nusu hivi." Hiyo "hivi" haina mahali kwenye utepe. Ndiyo maana fomu nyingi huandika kwa milimita, 114 badala ya 11.4. Ukiandika 114 hakuna nukta ya kupotea, hakuna koma ya kugombaniwa, na aliyesoma kwa Kifaransa na aliyesoma kwa Kiingereza wanasoma kitu kimoja.

Kwa wanaojiandaa na mtihani, hili la mwisho mlifanye kwa kalamu, bila simu. Baba wa mtu alikuwa na zaire 20,000,000 mwaka 1993. Zitafute katika zaire mpya, ukikadiria kwa nafasi mbili za desimali. Kisha chukua jibu hilo ulitafute katika faranga ya 1998. Mtaona ni nafasi ngapi zinahitajika baada ya nukta kabla ya kukutana na tarakimu ya kwanza isiyo sifuri, na mtu aliyekuwa na akiba hiyo muulizeni alinunua nini kabla haijafika hapo.